Hesabu ya Amboni

Barua arobaini na mbili zimo mkobani mwangu,
kila moja na sahihi ya baba, ya mama, ya mjomba;
moja ina dole gumba la bibi, wino wa zambarau.
*Mimi mzazi wa mtajwa hapo juu naridhia.*
Hakuna aliyeuliza kama mimi naridhia.
Mkuu alinipa filimbi na kisanduku cha dawa,
akasema: Mwalimu Shemhilu, watoto wa watu hao.

Watoto wa watu!
Sechonge kanizidi kimo, ana ndevu sita.
Mwanaidi ana pumu, na anaona haya
kuvuta dawa yake mbele ya wavulana.
Toka Muheza nimeketi katikati ya wawili
wanaoapa kwamba hata hawajuani.
Garini niliita majina. Wote wakaitika.

Pangoni kiongozi alituambia tuiname,
na tusifuate njia za kushoto,
za kushoto hata yeye hajui zinakotokea.
Harufu ya popo. Mwamba unatoka jasho.
Mtu akacheka mbali mno kuliko nilivyopenda.
Nikasimama pale panapobana, kurunzi mkononi,
nikahesabu visogo vikipita:
arobaini, arobaini na moja, na mbili.
Nikasema alhamdulillahi. Nikazima kurunzi kubana betri.

Nje, juani, walikuwa arobaini na watatu.

Nikarudia. Nikawapanga wawili wawili kama chekechea,
wakanicheka, nikapuliza filimbi, wakanyamaza.
Aliyebaki bila mwenza ni Mbaruku Hoza,
ambaye babake hakuwa na elfu nane ya safari
wala barua hakuileta.
Sare ni ile ile. Kiti cha nyuma kabisa, chini ya mabegi.

Wenzangu walidhani nimekasirishwa na nauli.
Sikuweza kuwaeleza ile hesabu nyingine:
kwamba mle gizani, idadi ilipotimia,
mmoja hakuwepo. Yeye, au Mwanaidi, au yeyote,
alikuwa njia ya kushoto, na mimi nashukuru.
Na kama ni yeye, na kama asingetoka,
tungepanda gari, tungekula mihogo yetu,
ningeita majina, na wote wangeitika.

Hata kumchapa nilishindwa. Nikampa maji.

Saa mbili usiku wazazi wakaja getini na tochi za simu,
kila mmoja akachukua wake.
Hakuna aliyekuja kwa Mbaruku; nani ajue?
Tukaenda kwao kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma,
macho yangu kwenye kisogo chake.
Karibu na mashine ya kusaga akageuka:
"Mwalimu, mle ndani, na mimi ulinihesabu?"

Nilikuwa na jibu la mwalimu. Nilikuwa nalo mdomoni.
Mbwa wa watu wakaanza kubweka,
nikamwambia aangalie anapokanyaga.