Tatu Iliyovaa Tope

Ujumbe ulinikuta Kirumba,
kichwa kimezama ndani ya friza la Mama Bugumba,
gesi inanipulizia puani:
*Gari lako linadaiwa. Maegesho, Mtaa wa Rufiji,
Alhamisi, saa nne na robo.
Shilingi elfu kumi na mia tano.*

Alhamisi!
Alhamisi kirikuu yangu ilikuwa Igoma, juu ya mawe manne,
giaboksi imelazwa kwenye gunia
kama matumbo ya sangara.
Ilifikaje Rufiji? Ilitambaa?

"Lipa yaishe," akasema Mama Bugumba,
"elfu kumi si ya kuugulia."
Kwake, si ya kuugulia.
Mimi tangu niache kazi kiwandani
tarehe ishirini na tano hainijui tena,
inapita mlangoni kama mgeni wa jirani.
Nina namba ya mlipakodi.
Nina leseni ukutani.
Nina makadirio ya kodi, awamu ya kwanza imeshagonga hodi,
na kaunta buku ambayo kurasa zake tatu za mwanzo
zina mwandiko mzuri.

Usiku ule, Mabatini, mawe bado yanarudisha joto la mchana,
nikalimwaga kopo la risiti mkekani.
Mrija wa shaba. Gesi. Mafuta ya gari. Gesi.
Viatu vya shule vya Milembe. (Hivi vimeingiaje kazini?)
Kitenge cha harusi ya shemeji.
Nyama choma, Jumapili, bila maelezo.
Nilikuwa natafuta Alhamisi moja tu,
nikakutana na siku chungu nzima
nilizokula mtaji nikajilamba vidole, nikidhani faida.
Nimekuja kumtetea kirikuu,
kumbe kesi ni yangu.

Risiti ya Ng'habi ilikuwa chini kabisa:
*giaboksi, kushusha na kupandisha, Alhamisi na Ijumaa,*
imelowa oili hadi unaona upande wa pili.

"Haina muhuri," akasema Bi Kokushubira wa dirishani,
bila ubaya, kama anayesema leo kuna jua.

Nikarudi Igoma.
"Muhuri?" Ng'habi akacheka chini ya gari, nikasikia miguu ikicheka.
"Mimi nina dole gumba."
Akalichovya kwenye grisi, akaligandamiza,
mistari yote ikatoka, hata kovu la spana.

Mara ya tatu dirishani.
Bi Kokushubira akalitazama dole lile kwa muda mrefu.
Kisha akafungua picha kwenye kompyuta, akaivuta,
akaivuta tena, mpaka kibao cha namba kikajaa kioo:
kirikuu nyeupe, kweli; madumu nyuma, mimi sibebi madumu;
na ile nane
ilikuwa tatu iliyovaa tope.

Hakuniomba radhi. Alisema, "Tutalifuta, subiri ujumbe,"
na kwa sauti ya chini, "Una friji ngapi kwa wiki?
Langu halipoozi tangu mwezi wa Ramadhani."

Nyumbani nikafungua buku.
Bodaboda, safari tatu, kwenda na kurudi: elfu tisa.
Kopi: mia sita.
Kwa hiyo nimeokoa mia tisa, haki ikiwemo.
Na lile friza la Mwaloni, elfu thelathini,
aliloitiwa fundi mwingine nikiwa kwenye foleni,
sijui naliandika wapi; nimekosa safu yake.

Nikapiga mstari katikati ya ukurasa.
Huku kazi. Huku Nkwimba.
Nkwimba akitaka kitu cha upande wa pili, aombe, aandike.

Asubuhi nikasugua kibao cha namba kwa brashi na sabuni,
nane yangu isije ikakatika upande
ikamponza mwenye tatu.
Halafu Nkwimba akaomba elfu mbili za dagaa.
Nikamuuliza za nini.
Akaandika.