Mafuta ya Mia Mbili

Baba alishika bomba la petroli, Barabara ya Jogoo,
miaka ishirini na sita, ovaroli ya buluu, kitambaa mfukoni.
Wenye magari hawakumwambia "jaza".
Walishusha kioo kidogo, kama wanaouliza njia,
wakanyoosha noti:
"Weka ya mia mbili."

Hakuwacheka. Aliyajua magari yao kwa kikohozi.
"Hii itakufikisha Donholm. Ukifika mteremkoni
toa gia, liache lijiendee.
Mlima ulishaulipia. Mteremko ni wako."

Mimi sasa niko orofa ya nne, Kasarani,
saa nane za usiku, stima imerudi ikapotea tena,
betri ya tarakilishi asilimia kumi na tisa,
natafuta njia ya kukipeleka mwezini
chombo kisichozidi jiko la mafuta kwa ukubwa.
Tangi lake lina vikombe vichache.
Nimevihesabu. Nimevihesabu tena.
Havijaongezeka.

Njia fupi naijua, hata mtoto ataichora:
mwako mmoja mkali, siku nne za kimya,
kisha mwako wa pili, wa kujizuia,
usije ukaupita mwezi ukaishia gizani bila kwaheri.
Ni huo wa pili unaonifilisi.
Kuondoka si kazi. Kazi ni kufika ukakaa.

Na huko juu mambo yamepinduka.
Ukitaka kumfikia aliye mbele yako, punguza mwendo:
utaanguka kidogo, na katika kuanguka utapata kasi,
utampitia kwa chini.
Ukikanyaga moto umfukuze, utapanda,
na ukishapanda utachelewa.
Niliyaandika haya ubaoni siku yangu ya kwanza kazini.
Apondi akakuna kichwa: "Kumbe hata huko
foleni ina werevu wake."

Usiku wa kumi na mmoja ndipo nambari zilipolegea.
Nilikiacha chombo kiupite mwezi.
Kiende kilomita milioni moja na nusu,
hadi pale dunia inapokishika kwa kidole kimoja
na jua, bila kuombwa, linakivuta kwa ukosi.
Huko kinakaribia kusimama. Kinasitasita
kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji.
Kisha kinarudi, taratibu, jua limeshakisukuma bega,
na mwezi unakipokea karibu bure.

Siku mia moja na tatu badala ya nne.
Akiba: mita mia na arobaini kwa sekunde.
Kwenye jedwali ni mstari mmoja.
Kwangu ni kikombe kizima kilichobaki tangini.

Mkurugenzi Lekishon aliutazama mchoro, akauinamia.
"Yaani tunaukosa mwezi makusudi?"
Ndiyo.
"Na wafadhili niwaambie nini miezi mitatu?"
Kwa hilo sikuwa na mlinganyo.

Kiliondoka Machi, kwenye roketi ya watu wengine,
na kila Jumapili baba alipiga simu.
"Jana mwezi niliuona juu ya Kariobangi.
Chombo chako sikukiona."
Kiko nyuma yake, baba. Mbali sana.
"Kimepotea?"
Kimetoa gia.
Akanyamaza. Nikasikia redio yake, kikombe kikiwekwa mezani,
halafu kicheko kile cha zamu ya usiku.
"Basi mlima mlishaulipia."

Leo, saa kumi na moja alfajiri, mvua juu ya mabati,
chumba kizima kimesimama nyuma ya kiti changu.
Sekunde thelathini na nane za moto, si zaidi.
Apondi anahesabu kurudi nyuma.
Mkurugenzi ameushika mwavuli uliofungwa kama rozari.
Kidole changu kiko juu ya kitufe
na mdomo wangu, mbele ya shahada zote hizo,
unasema kwa sauti:

weka ya mia mbili.