Harufu ya Pesa

Baba alituambia, tulipoziba pua kwa skafu:
"Vuteni ndani. Hiyo ni harufu ya pesa."
Yai viza, kabichi iliyosahauliwa chunguni:
ndivyo Ristivirta ilivyonuka
upepo ukitoka upande wa kiwanda.
Nguo tulizianika zikaganda kama mbao,
tukazikunja na harufu yake,
tukaenda nazo kanisani.

Wageni walishuka kwenye treni wakakunja uso.
Sisi tulijua: bomba likitoa moshi
bwawa la kuogelea lina maji ya moto,
bendi ya tarumbeta ina sare mpya,
na meno ya watoto yanatazamwa bure kila Alhamisi.

Miaka thelathini na mmoja niliitumikia Mashine ya Tatu.
Karatasi ilipita mbele yangu usiku na mchana,
pana kuliko barabara, nyeupe kuliko ziwa mwezi wa pili,
na mimi niliweza kusikia,
si kuona, kusikia,
pale inapotaka kukatika.
Sauti kama ya mtu anayevuta pumzi
kabla ya kusema uongo.
Mkono wangu ulifika kwenye kitufe
taa nyekundu haijawaka.

Sauti hiyo niliisikia tena
mkurugenzi alipopanda jukwaani.
Alizungumza dakika kumi na moja.
Soko la dunia. Mahitaji. Watu hawasomi tena magazeti.
Veijo, gazeti limemtokeza mfukoni, alikohoa.
Kisha tukapewa kahawa na mikate ya iliki,
mikate mizuri, lazima niseme,
na hatukujua kama ni adabu kuchukua wa pili.

Ofisi ya ajira: msichana mpole, kucha za buluu.
"Una ujuzi gani?"
Nikamwambia, nasikia karatasi kabla haijakatika.
Alitafuta kwenye orodha, juu, chini, juu tena.
Akaandika: mawasiliano.

Serikali haikututupa, nisije nikaikufuru.
Posho inaingia kila mwezi. Sijalala njaa.
Daktari yupo, ingawa ni kilomita tisini.
Lakini kupewa si sawa na kutafutwa.
Ile simu ya saa kumi alfajiri,
"Tuulikki, njoo, ya Tatu imegoma,"
hiyo haina fidia.

Nyumba yetu, na sauna yake, na mitufaha minne,
dalali aliitia bei: chini ya gari la binti yangu,
na gari lenyewe ni mtumba.
Henna yuko Tampere, anakodi chumba
ambacho ukinyoosha miguu unagusa jiko.
"Mama, uza," ananiambia.
Nimuuzie nani? Sungura?

Misitu ipo. Usidhani imekwisha.
Kila jioni treni inapita na magogo,
haipunguzi hata mwendo.
Penye miti hapana wajenzi, ati.
Hapa wajenzi tulikuwepo;
miti ndiyo iliyofundishwa kupita.

Sasa tunaahidiwa ghala la kompyuta.
Litakula umeme kuliko mji mzima
na litaajiri watu kumi na wawili,
wawili kati yao walinzi.
Veijo ameomba ulinzi. Ana miaka hamsini na tisa.
Ameshanunua viatu.

Mwezi wa nne wabomoaji walifungua tangi la zamani.
Hakuna aliyetuambia. Nilikuwa namenya viazi.
Ikaingia dirishani taratibu,
kama mwenye nyumba, asiyebisha hodi.
Nilitoka na kisu mkononi.
Mtaa mzima ulikuwa nje:
Jarkko na kikombe chake,
mchungaji, kola haijafungwa,
bibi Lempi na sapatu juu ya theluji inayoyeyuka.
Hakuna aliyeziba pua.
Tulivuta ndani.

Kisha Lempi akageuka, akaingia kwake haraka,
akatoka na shuka mikononi,
kavu, zilizopigwa pasi,
akazitundika kambani moja moja
kabla upepo haujageuka.