Madumu Manne na Lita Sita

Fomu tatu ziko mezani,
nimezikandamiza kwa pakiti ya chumvi ya Uvinza
upepo usije ukachagua kabla yangu.
Mama herufi hazijui. Namba anazijua mno.
Ameketi mkabala nami, viganja vyekundu kwa mawese,
anauliza swali lake lile lile:
"Hiyo ni madumu mangapi?"

Kwetu Simbo pesa haina jina jingine.
Ukitaja laki, watu huitikia kwa adabu tu.
Ukitaja dumu, wanamwona Gwimo juu ya mchikichi, kamba kiunoni,
wanaona moshi, usiku kucha, macho yanayowasha.

Chuo cha kwanza kiko mjini, ukipita Mwanga:
geti la bluu, bango la msichana mwenye kofia nyeupe
ambayo sijamwona muuguzi yeyote akiivaa.
Laki saba kwa mwaka. Madumu kumi kamili.
Mama alishaanza kutabasamu.
Nikaenda mwenyewe, Jumanne, kwa viatu vya Editruda,
nikaomba kuona chumba cha mazoezi.
Mdoli mmoja, hana mkono wa kushoto;
wa kulia umetobolewa sindano hadi umekuwa chujio.
Nikauliza: namba yenu ya usajili?
Karani akasema: iko njiani.
Nikauliza: wanafunzi wenu wanazalisha hospitali gani?
Karani akatazama feni.
Feni yenyewe haizunguki.

Cha pili ni cha serikali, Tabora.
Ada yake hata Mama aliirudia mara mbili, kama mtu aliyepewa chenji nyingi.
Lakini jina langu ni la kumi na nne katika orodha ya akiba,
na treni ina nauli, na chumba cha kupanga kina kodi,
na orodha ya akiba haipikwi ikaiva.

Cha tatu ni cha masista, mbele kidogo ya Kasulu,
kule asubuhi watu huongea moshi.
Wana wodi yao. Wana usajili, umebandikwa ukutani, nimeugusa.
Milioni moja na laki mbili.
Madumu kumi na saba, na bado.
Mama hakusema kitu. Alikwenda kuchochea moto
uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Sikumwambia habari ya ile tochi.
Miaka minne nafagia wodi ya wazazi pale zahanati.
Usiku mmoja nesi Skolastika alikuwa peke yake, wanawake wawili,
umeme umekatika.
"Shika hapa," akasema, "na usitetemeke."
Sikutetemeka.
Mtoto alichelewa kulia; nilimsubiri kama deni.
Alipolia, nikarudi kudeki,
na hapo ndipo mikono ilipotetemeka, maji yakamwagika.
Tangu siku ile ufagio umekuwa mfupi mkononi mwangu.

Nikaigeuza fomu ya masista.
Nyuma, kwa maandishi madogo kama mayai ya sisimizi:
godoro, rimu mbili za karatasi, saa yenye mshale wa sekunde.
Chini yake: ada hulipwa kwa awamu nne.
"Awamu ndiyo nini?"
"Kugawa, Mama."
Akaokota kipande cha mkaa, akachora sakafuni,
akafuta kwa kisigino, akachora tena.
"Madumu manne na lita sita," akasema. "Inabaki elfu moja.
Hiyo utapandia bodaboda kwenda benki."

Hakusema ndiyo. Aliuliza tu:
"Na hiyo saa, ya nini?"
"Ya kuhesabia mapigo ya mgonjwa."
Akaninyooshea mkono juu ya meza, juu ya fomu, juu ya chumvi.
"Haya, hesabu."
"Sina saa, Mama."
"Hesabu hivyo hivyo."

Nikahesabu. Nilifika mia mbili na kitu,
mawese yakaanza kufurika jikoni,
na hakuna kati yetu aliyeinuka.