Malipo kwa Herufi

Barua ya mchapishaji ilifika Jumanne,
bahasha nyembamba kama ganda la kitunguu.
Riwaya yangu ya tatu, miaka sita mezani:
nakala sitini na tatu zimeuzwa,
na baada ya kukata gharama za hiki na kile
ikaonekana mimi ndiye ninayedaiwa.
Leva nne. Wakaambatanisha na salamu za heri.

Bi Tsvetana, mwenye nyumba, amekisoma kitabu.
Alikiazima kwa dada yake, aliyekiazima maktaba.
"Nimelia, binti yangu, ule ukurasa wa mtoto na theluji,
nimelia mpaka supu ikaungua."
Kisha akapangusa macho kwa ncha ya aproni
akaulizia kodi ya Februari.

Basi kila asubuhi nashuka hadi karakana ya Asparuh,
nyuma ya stesheni ya Plovdiv, penye vumbi jeupe
linaloingia mpaka ndani ya mkate.
Yeye huchonga mawe ya makaburi, mimi humtungia maneno.
Leva mbili kwa herufi: moja ya patasi, moja yangu.
Nafasi hazilipiwi. Nukta anatoa bure,
ni mtu mkarimu.

Ujanani nilifundishwa kupunguza:
futa kivumishi, futa machozi,
futa hasa ile sentensi unayoipenda.
Sasa najikuta nikiwanong'oneza wafiwa
"mpendwa", "mvumilivu", "asiyesahaulika",
na hakuna marehemu wa mtaa huu
aliyekuwa mlevi, mkali au bahili.
Njaa yangu imewatakasa wote.

Alhamisi akaja Bi Penka, mjane wa Gancho
aliyeendesha garimoshi la mizigo miaka thelathini na moja.
Jina na tarehe chama cha reli kimeshalipia.
Yeye alikuwa na leva ishirini na mbili,
sarafu tupu, zimefundikwa kwenye leso.
Herufi kumi na moja.
Nikamuuliza, alikuwa mtu wa namna gani?
Akafikiri. "Hakuwa msemaji.
Alikuwa akipiga simu kutoka stesheni za mbali,
neno moja, halafu laini inakatika.
Nami nakifunika chakula chake kwa sahani nyingine."

Neno gani?

Akalitaja. Nikalihesabu kwa vidole,
mkono wa kwanza, mkono wa pili,
nikaazima kidole kimoja cha Asparuh.
Likatosha.

NITACHELEWA

Jumatatu alirudi kulitazama jiwe.
Akalisoma kwa sauti, mara mbili:
mara ya kwanza kwa sauti ya mumewe,
ya pili kwa yake mwenyewe, akimjibu.
Kisha akacheka, akaziba mdomo
kwa ile leso, sasa haina kitu.
Asparuh akajifanya anatafuta nyundo.

Sijawahi kuandika kitu bora kuliko hicho,
na wala si mimi niliyekiandika.
Hakina jina langu. Kitasomwa na mvua,
na mbwa wa mlinzi, na mtu aliyepotea njia
akitafuta kaburi la shangazi yake.
Nimelipwa leva kumi na moja.
Nne nimeziweka kando za mchapishaji,
nisije nikafa na deni la kitabu changu mwenyewe.
Zilizobaki ni mkate, maharage, wino.

Ngazini Bi Tsvetana amesimama, mikono kiunoni,
harufu ya supu nyuma yake.
"Februari," anasema.
Nami niliyesomea maneno maisha yangu yote
nimebakiwa na moja tu mdomoni,
nalo ni la watu, limeshalipiwa.
"Nitachelewa."