Mawe ya Kiwira

Nayaokota Kiwira mwezi wa tisa, maji yakipungua,
yale meusi, laini kama sabuni iliyokwisha nusu.
Lenye ufa hupasuka sufuriani.
Lenye kona halisahau kuwa ni jiwe.
Ninayo kumi na saba, nayajua moja moja.

Chumba changu kiko nyuma ya duka la pembejeo, Tukuyu:
kitanda cha mninga, pazia la kitenge, jiko la mkaa,
na mvua juu ya bati, ambayo hapa kwetu si habari.

Ambakisye aliingia Jumanne na mabuti yake.
Mpakiaji wa ndizi, miaka ishirini na miwili,
mikungu ikikaa bega lile lile la kulia
hata shati humkalia upande.
Mkewe ndiye aliyemlipia. Alilisema hilo kabla ya salamu.
"Mawe?" akacheka. "Nimebeba kila kitu mji huu,
leo nibebwe na mawe?"
"Lala kifudifudi," nikasema. "Na mabuti uvue."

Nikamwuliza presha, nikamwuliza sukari,
kama nyayo zake husikia moto na baridi,
maana ngozi isiyosikia haiwezi kukwambia basi.
Akasema yu mzima,
ila bega, ila kiuno, ila usingizi.

Maji yasichemke. Yakianza kuimba, epua.
Jiwe nalijaribu kwangu kwanza, ndani ya kifundo cha mkono;
nikishindwa kuhesabu hadi kumi, halimgusi mtu.
Kisha kitambaa, kisha jiwe juu ya kitambaa,
mawili mawili, kando ya uti wa mgongo,
kamwe si juu yake: mfupa haupendi mazungumzo.
Madogo, kama njugu mawe, katikati ya vidole vya miguu.
Moja kubwa katika kila kiganja.

Tukangoja.
Kungoja ni nusu ya kazi. Sikufundishwa, nimelikuta.

Joto huingia kama mgeni mwenye adabu,
hubisha, husimama mlangoni,
halafu unashtukia amekwisha vua viatu.
Nyama iliyojikunja miaka yote
hulegea pembeni kwanza,
kama mafuta yaliyoganda chupani asubuhi ya Juni.

Ndipo nikashika jiwe, nikalipaka mafuta ya parachichi,
nikalivuta toka shingoni kushuka begani,
polepole, bila kukanyagia.
Likipoa lenyewe hukwambia: linaanza kukwama.
Chini ya bega la kulia nikakuta fundo, gumu kama kokwa.
Sikugombana nalo.
Niliweka jiwe juu yake, nikapumua,
na yeye, bila kujua, akapumua nami.

Wanasema mawe haya yalitapikwa na mlima
enzi Rungwe ilipokuwa moto mtupu.
Sikuwepo.
Ninachojua, hulishika joto kuliko sisi,
na katika kulitoa hayana pupa.

Siahidi kuponya.
Bega la miaka ishirini na miwili haliponi kwa saa moja,
na alfajiri lori la Dar lingekuja likute mikungu chini.
Lakini Ambakisye alikoroma,
mkoromo wa mtu aliyetuliwa mzigo njiani,
hata mvua nikaacha kuisikia.
Nikamaliza kwa jiwe la baridi kwenye paji la uso.
Akafumbua macho: "Lori limefika?"

Jioni nikayaosha kwa sabuni na maji ya moto,
nikayapanga kwenye taulo, nikahesabu.
Kumi na sita.
Nikahesabu tena, nikainua godoro.

Jumanne iliyofuata akarudi, analo mfukoni,
limefungwa ndani ya soksi ya shule ya mwanawe.
"Sikuliiba," akasema, akitazama jiko.
"Mke wangu miguu yake hulala na baridi.
Nalipasha usiku, namwekea."
"Unalijaribu kwanza?"
Akageuza mkono wake mpana,
na pale ndani, penye mishipa,
alama ndogo ya kuungua, duara kamili.
"Siku ya kwanza sikujaribu penyewe," akasema,
akavua mabuti.