Usifute

Kwenye mkanda kuna karatasi, na kwa penseli: USIFUTE.
Mwandiko wa mama, ule wa kukandamiza
kama anayechora juu ya unga.
Deki inaumeza, inakohoa kidogo,
chenga zinamwagika kwenye kioo,
nje theluji inamwagika juu ya Toledo,
na kwa sekunde tano sijui
ipi iko ndani, ipi iko nje.

Halafu tangazo la sabuni. Halafu mtangazaji,
sigara mkononi, nywele zimelazwa kwa mafuta,
anawataja wapigaji mmoja mmoja.
Akifika kwa baba anasema "Leonard".
Baba aliitwa Leander. Leander Tibbs.
Kila mara, kutoka kwenye kochi hili, alimsahihisha
kwa upole, kana kwamba yule bwana
angeweza bado kusikia, akaomba radhi.

Kamera haikumpenda mpiga besi.
Ilimpenda mwimbaji na vipuli vyake,
ikapenda vidole vya piano, shavu la tarumbeta
lililoumuka kama andazi.
Baba ilimpitia kama mtu apitaye mlango wa jirani
bila kupiga hodi:
bega la kushoto, nusu ya tai,
kiatu kilichoshonwa upya kisigino.
Nimehesabu. Sekunde kumi na moja
katika saa nzima.

Yeye hizo kumi na moja hakuzitazama.
Alingoja dakika ya thelathini na nane.
"Hapo," alisema. "Hapo nilikosea."
Na kweli, noti moja ilichepuka,
Ellis Broadnax akageuka kwenye piano yake
akacheka, meno yote nje,
cheko la mtu aliyekanyagwa mguu na rafiki.
Baba akarudisha nyuma. Akacheza tena.
Akarudisha nyuma.
Miaka ishirini nilidhani anajilaumu.
Nilichelewa kujua kwamba Ellis
hakufika majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata:
barafu, daraja, gari la kuazima.
Picha yake nyingine inayotembea haipo.

Mpwa wangu Corwin, mwenye huruma na haraka,
aliupeleka mkanda kwa fundi Pruski, mtaa wa Lagrange.
Ikarudi sahani inayong'aa. Chenga hakuna,
ule mvumo wa mvuke hakuna,
weusi wa makoti umekolea kama wino.
Tukakaa, tukatazama, pai ya viazi vitamu ikapoa.
Kila kitu kilikuwepo, hata kosa, hata kicheko.
"Safi, au siyo, shangazi?"
Nikasema safi.
Nami nilijihisi niko ndani ya nyumba iliyohamwa.

Ilinichukua usiku kucha.
Baba alikuwa akipiga huku anaguna.
Mguno wa chini kabisa, usiofuata wimbo,
wa mtu anayesukuma kabati peke yake.
Aliguna hivyo hivyo akikoga theluji mlangoni kwa koleo,
akifunga kamba za viatu, akisoma bili ya gesi.
Usiku wa mwisho hospitalini aliguna,
muuguzi akauliza kama ana maumivu,
nikasema hapana, anafanya kazi.
Mashine ya Pruski ilisikiliza saa nzima,
ikauona mguno ni uchafu,
ikaufuta.

Basi nimerudi kwa huu, wenye mikunjo,
wenye mstari mweupe unaopanda na kushuka
juu ya vifua vya watu wazima kama mkono wa daktari.
Najua unalika. Kila ukipita kwenye deki
unaacha vumbi la kahawia, nalipangusa kwa pamba,
nakaa nalo kidoleni kidogo kabla ya kulitupa.
Sijui ni bega lile, au kisigino.
Nimejiwekea sharti: Jumapili tu, mara moja.

Leo ni Jumatano.
Naongeza sauti.